Mwenye sanduku hana ufunguo

Wiki iliyopita kwenye kipindi tulicheka sana kuhusu vikao vya wazazi wetu, vile vinavyotangazwa saa nane mchana, vinaanza saa kumi, na saa nne usiku bado kuna mzee ana "neno moja dogo tu". Mlituma sauti nyingi. Ila moja, ya dada wa Louisville, haikuchekesha. Aliuliza: hivi vyama vya wazazi, vya misiba na vya kuchangiana, siku wenyewe wakichoka, nani anajua vinaendaje? Si kila kitu kiko kichwani mwa watu wawili watatu?

Nilimwahidi nitaandika, na ndiyo hii. Ni makala ya historia, na itatupeleka Pittsburgh, Houston na Niger. Lakini inaanzia kwetu Grant Street, Buffalo, kwenye droo ya mama yangu.

Dola 40

Kwa wasiopajua: Grant Street iko upande wa magharibi wa jiji. Zamani mitaa hiyo ilikuwa ya Waitaliano, wakaja watu wa Puerto Rico, halafu wakaja watu wa Burma, wa Somalia, wa Burundi, na sisi wa Kongo. Ukisimama leo kwenye foleni ya duka unasikia Kiswahili cha Bukavu na cha Kigoma kwa pamoja, mmoja ameshika sombe ya kugandishwa, mwingine ndagala.

Mfuko wetu hauna jina kubwa. Watu wanauita mfuko wa msiba, basi. Ulianza na familia kama kumi, nyingi zimetoka kambi ya Nyarugusu, nyingine Nakivale. Kila familia inatoa dola 15 kwa mwezi. Mtu akifariki, hapa au kule nyumbani, mfuko unatoa pesa ya kuanzia mazishi. Mama alichaguliwa kuwa mweka hazina kwa sababu mbili: anaandika vizuri, na hakuna aliyewahi kumdai. Akaunti ya benki iliandikwa majina mawili, lake na la mzee mmoja. Baadaye mzee akahamia Columbus kumfuata mtoto wake. Jina lake likabaki benki, mwenyewe hayupo. Hakuna aliyeona shida. Kwani Mama si yupo?

Kisha ikaja Desemba 2022.

Wa Buffalo hamhitaji kusimuliwa. Kwa wengine: Ijumaa tarehe 23 dhoruba ya theluji ililiangukia jiji. Amri ya kuzuia magari barabarani ilianza saa tatu na nusu asubuhi, wakati watu wa shifti ya asubuhi wameshatoka nyumbani. Upepo na theluji vilipiga saa 37 bila kupumzika. Katika kaunti ya Erie walikufa zaidi ya watu 40: wengine ndani ya magari yao, wengine ndani ya nyumba zilizopoa, wengine wakisubiri gari la wagonjwa ambalo nalo lilikuwa limekwama.

Mama anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Aliingia kazini Alhamisi usiku, akatoka Jumatatu. Wenzake wa kumpokea hawakufika, kwa hiyo yeye na wenzake wachache waliwalisha na kuwageuza wazee wote siku nne, wakilala kwa zamu kwenye viti. Aliporudi nyumbani presha ilipanda. Tukampeleka hospitali, akalazwa siku tisa.

Siku hizo hizo baba mmoja wa mfuko, aliyekuwa ameugua muda mrefu, akafariki. Familia ikapiga simu kwetu. Kampuni ya mazishi ilitaka malipo ya kuanzia. Pesa ilikuwepo benki. Daftari lilikuwa kwenye droo chumbani kwa Mama. Namba ya siri ya akaunti ilikuwa kichwani kwa Mama. Na Mama alikuwa kitandani, amechoka hata kujua leo ni siku gani. Mimi nilifungua daftari lile nikakuta majina mengine yameandikwa "mama Fulani", mengine "wa ghorofa ya juu", na alama ambazo yeye peke yake alijua maana yake. Familia ikazika kwa kukopa kwenye kadi.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Hakuna aliyesema mbele yetu. Yalikuwa yale ya "sisemi kitu, ila nauliza tu".

Mwisho wa Januari Mama alisimama mbele ya kikao na daftari lake akasoma mstari kwa mstari. Ilichukua saa mbili. Mwisho wa hesabu zilipungua dola 40. Alifikiri, akasema labda ni ile siku fulani dukani, mtu alimpa mkononi, au labda alimrudishia mtu chenji. Hakukumbuka. Akafungua pochi yake, akatoa noti mbili za dola 20, akaziweka mezani. Hakuna aliyemwambia azirudishe. Nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma. Sijasahau.

Swali la Jeshi la Anga

Miaka michache baadaye nilipata kazi kwenye ofisi ambayo inabidi, kabla ya kununua huduma kwa kampuni yoyote, ijue kampuni hiyo ni hatari kiasi gani. Siku ya kwanza nilipewa karatasi yenye ngazi tano. Msimamizi wangu akasema: usiwaulize kama wamefanikiwa, kila mtu atakwambia amefanikiwa. Waulize kazi inafanyikaje.

Nilisoma maelezo ya ngazi ya 1 nikaona daftari la Mama. Ndipo nikaanza kutafuta karatasi ile ilitoka wapi.

Mizizi yake iko viwandani. Mwaka 1979 Philip Crosby, aliyekuwa mkuu wa ubora katika kampuni ya ITT, alichapisha kitabu kinachoitwa Quality Is Free. Ndani yake aliweka jedwali la hatua tano. Kampuni iliyo hatua ya chini haielewi matatizo yake yanatoka wapi. Iliyo hatua ya juu inaweza kukueleza kwa nini haina matatizo. Ukitazama vizuri, Crosby hakuuliza kuna makosa mangapi. Aliuliza kama mnajielewa.

Wazo hilo likahamia kwenye kompyuta kupitia mtu aitwaye Watts Humphrey. Alifanya kazi IBM miaka 27, akaona miradi ya programu ikichelewa, ikizidi bajeti, na kila mara ikiokolewa na watu wachache wasiolala. Mwaka 1986 akahamia Pittsburgh, mwendo wa kama saa tatu na nusu kwa gari kutoka kwetu. Huko, kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikuwa imeanzisha taasisi ya uhandisi wa programu mwaka 1984.

Wizara ilikuwa na shida ya kweli. Ndege, rada na makombora vilizidi kutegemea programu, na wakandarasi wote walikuja na maneno matamu. Jeshi la Anga likaomba njia ya kumpima mkandarasi kabla ya kumpa kazi. Kwa hiyo tangu mwanzo ngazi hizi zilikuwa kipimo cha hatari: nikikupa pesa yangu leo, kuna uwezekano gani kwamba kesho nitalia?

Mwaka 1987 Humphrey na wenzake, wakishirikiana na shirika la MITRE, walitoa orodha ya maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana. Mwaka 1989 Humphrey akaandika kitabu, na mwaka 1991 likatoka toleo la kwanza la kielelezo kamili, kinachojulikana kwa kifupi kama CMM. Baadaye kilipanuliwa kikaitwa CMMI, na wengine wakaiga ngazi zile kwa usalama wa mitandao, hospitali, hata serikali.

Ngazi zenyewe, nikizisema kwa Kiswahili cha nyumbani, ni hivi.

Ngazi ya 1: kazi inafanyika kwa sababu kuna mtu. Akiwepo, mambo yanaenda. Akiumwa, yanasimama. Matokeo yanaweza kuwa mazuri sana, lakini huwezi kujua kama kesho yatakuwa hivyo.

Ngazi ya 2: kazi iliyofaulu jana inaweza kurudiwa leo. Kuna kumbukumbu, kuna ratiba, kuna mtu anafuatilia. Lakini kila kikundi kina njia yake, na akija kiongozi mpya anaweza kuanza upya.

Ngazi ya 3: njia imeandikwa, ni moja kwa wote, na watu wapya wanafundishwa.

Ngazi ya 4: mnapima kwa namba. Hamsemi "siku hizi malipo yanachelewa", mnasema yanachelewa siku ngapi, na mnaona tatizo likiwa bado dogo.

Ngazi ya 5: mnatumia namba hizo kuondoa chanzo cha kosa, ili lisirudi.

Humphrey alisisitiza kwamba ngazi hairukwi. Huwezi kupima kwa namba kazi ambayo kila mtu anaifanya kivyake, kwa sababu hujui unapima nini. Na kadiri unavyopanda, hatari inazidi kuonekana mapema. Mtu wa ngazi ya 1 anaijua hatari siku imeshamwangukia.

Mashujaa

Wataalamu wa Pittsburgh walisema jambo kuhusu ngazi ya 1 ambalo nililisoma mara tatu. Walisema mashirika ya ngazi hii mara nyingi yanafaulu, tena vizuri, kwa sababu yana mashujaa. Na hapo hapo ndipo hatari ilipo. Shujaa haonyeshi kwenye vitabu kwamba kuna pengo, kwa sababu analiziba kwa mwili wake.

Hebu fikiria. Mfuko wetu ulikaa zaidi ya miaka kumi bila tatizo lolote. Mtu wa nje angeuangalia angesema ni imara. Lakini ile miaka kumi haikuwa ushahidi kwamba mfuko ni imara. Ilikuwa ushahidi kwamba Mama hakuwahi kuugua.

Jiji lenyewe ni hivyo hivyo. Kwenye ile dhoruba, majirani walivutana kwenye theluji kwa kamba, watu wakafungua milango kwa wasiowajua. Tunasimulia hadithi hizo kwa fahari, na tuna haki. Lakini miongoni mwa waliokufa alikuwemo kijana wetu wa Kikongo, mtu ambaye wengi walizoea kumpigia simu kila wanapokwama. Alitoka nje wakati wa dhoruba, hakurudi. Jina lake sitaliandika hapa, ni la familia yake. Ninachosema ni kwamba mji unaotegemea mashujaa huwalipisha mashujaa kwanza. Mwaka 2023 Chuo Kikuu cha New York kilitoa ripoti kuhusu jinsi jiji lilivyojiandaa na lilivyojibu. Taratibu za jiji zilipitiwa moja moja, baada ya watu kuzikwa.

Sasa, si kila mtu alikubaliana na ngazi hizi. Mwaka 1994 James Bach, mtaalamu wa kujaribu programu, aliandika kuikosoa CMM. Alisema inaabudu utaratibu na kuwasahau watu. Mwaka uliofuata akaandika makala nyingine kutetea mashujaa waziwazi: kazi ngumu na mpya haifanywi na karatasi, inafanywa na mtu anayethubutu. Nadhani alikuwa na hoja. Kulikuwa na kampuni zilizokimbilia ngazi ya 5 ili zipate cheti cha kutangazia biashara, kazi yenyewe ikabaki pale pale. Na mimi ninayewaandikia, bila mashujaa nisingekuwa hapa. Hakuna utaratibu wa ngazi ya 3 uliotuvusha Ziwa Tanganyika.

Lakini Mama hakuwa anafanya jambo jipya lisilojulikana. Alikuwa anapokea dola 15 na kuandika jina. Kazi ya namna hiyo haistahili kumla mtu.

Kuna fundisho lingine, na hili linatoka Houston. Kikundi kilichoandika programu za kuendesha chombo cha anga cha shuttle kilikuwa cha kwanza kupewa ngazi ya 5, mwaka 1989. Programu yao ilikuwa na mistari kama 420,000. Hesabu iliyotolewa mwaka 1996 ilionyesha kwamba matoleo 11 ya karibuni yalikuwa na makosa 17 tu kwa jumla. Katika dunia ya kompyuta hiyo ni karibu na muujiza. Na bado shuttle mbili zilipotea na watu saba saba: Challenger mwaka 1986, ambapo mpira wa kuziba maungio ya roketi ulikakamaa kwa baridi, na Columbia mwaka 2003, ambapo kipande cha povu kiligonga bawa wakati wa kuruka. Programu haikuwa na kosa. Mahali pengine, ndani ya shirika lile lile, dalili zilionekana mapema na zikazoeleka.

Maana yake, ngazi si ya shirika zima. Ni ya kazi moja moja. Ukitaka kujua hatari iko wapi, usiulize "sisi ni ngazi gani", uliza "kazi ipi yetu iko chini kabisa, na ikianguka inamwangukia nani".

Nyumbani kwetu hilo liko wazi. Angalieni kamati ya harusi! Kuna mwenyekiti, katibu, mhasibu, orodha ya ahadi, ujumbe wa kukumbusha kila Jumatano kwenye WhatsApp, ripoti ya nani amelipa na nani "bado anatafuta". Wakimaliza wanakaa kikao cha kuvunja kamati na kusoma hesabu mbele ya watu. Mimi naapa hiyo ni ngazi ya 4. Watu wale wale, ukumbi ule ule, na mfuko wa msiba uko kwenye droo ya mtu mmoja.

"Kwa hiyo hamniamini?"

Nilijaribu kumweleza Mama. Nilikosea. Nilianza na ile karatasi, nikamwonyesha ngazi ya 1, nikasema mfuko uko hapa. Akanyamaza. Halafu akasema taratibu, "Kwa hiyo hamniamini?"

Wengi wenu mtafika hapo na wazazi wenu, ndiyo maana nawaambia. Mzazi aliyebeba jamii miaka kumi bila mshahara, halafu mtoto wake aliyesoma anakuja na maneno ya ofisini kumwambia yuko daraja la chini. Kwake hilo ni tusi. Na ukimwambia tuweke sahihi tatu, anasikia: mmegundua mimi ni mwizi.

Nilikaa kimya siku kadhaa. Kilichofungua mlango kilikuwa swali dogo nililouliza jikoni nikimenya ndizi: "Mama, kule kambini mlikuwa mnaweka pesa wapi?"

"Kwenye sanduku," akasema. "Lenye kufuli tatu."

Hapa historia yetu ya pili inaanza, na hii haikutoka Pittsburgh. Mwaka 1991, huko Niger, eneo la Maradi, shirika la CARE lilianza kufanya kazi na wanawake wa vijijini waliokuwa tayari wanachangiana kwa zamu, kama sisi tunavyofanya likelemba, au upatu kwa Watanzania, au chama kwa Wakenya. Pamoja wakatengeneza kikundi cha kuweka na kukopa. Njia hiyo ikaenea Afrika nzima: Tanzania, Uganda, Burundi, Kongo, hadi kwenye kambi za wakimbizi.

Utaratibu wake ni huu. Wanachama ni wachache, kwa kawaida hawazidi 25 au 30. Pesa inakaa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo tatu wanashika watu watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana hata ufunguo mmoja. Sanduku linafunguliwa kikaoni tu, mbele ya wote. Pesa inahesabiwa kwa sauti. Kabla ya kuondoka, kila mtu anaambiwa salio ni kiasi gani na anatakiwa alikumbuke, kwa sababu kikao kijacho kitaanza kwa kuuliza: tuliacha shilingi ngapi? Mwisho wa mzunguko, karibu mwaka, kila mtu anapata mgao wake, hesabu inafungwa, mnaanza upya.

Angalia hapo. Wengi wa wanawake wale hawakujua kusoma. Hawakuhitaji kitabu kinene wala cheti. Lakini njia ni moja kwa wote, mtu mpya anafundishwa siku ya kwanza, hesabu inapimwa kila kikao, na mtu yeyote akiugua kikundi kinaendelea. Weka karatasi ya Humphrey pembeni, utaona wako juu kuliko ofisi nyingi nilizozipima mimi zenye viyoyozi.

Nikamuuliza Mama: "Yule aliyekaa na sanduku bila ufunguo, alikuwa anaona vibaya? Kwamba hawamwamini?"

Alicheka. "Vibaya kwa nini? Sanduku likiibiwa usiku, likirudi limepungua, nani atamshika? Hana ufunguo. Yeye analala usingizi."

Akanyamaza kidogo, ndizi mkononi. Nadhani sote wawili tuliziona zile noti mbili za dola 20 mezani.

Kwangu mimi hiyo ndiyo maana yote ya ngazi. Tunadhani kupima utaratibu ni kumpima mtu. Wanawake wa kufuli tatu walijua kwamba ni kumkinga. Wahenga wanasema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona kwamba hata jina zuri la mtu linaweza kupotea hivyo hivyo. Siku hesabu zikikataa, mwaminifu na mwizi wanasimama mahali pamoja, na hakuna kitu cha kuwatenganisha isipokuwa kumbukumbu ambayo haimo kichwani mwa mmoja wao.

Tulichofanya

Hatukutafuta ngazi ya 5. Mfuko wa familia 60 ukitaka ngazi ya 5 utakufa kwa vikao. Tulitaka kutoka ya 1, tufike ya 2, na kwa kazi moja tu, ile ya kutoa pesa mtu anapofariki, tuguse ya 3. Na pendekezo alilitoa Mama mwenyewe kikaoni. Hakutaja Pittsburgh. Alisema, "Turudishe kufuli tatu."

Benki sasa ina majina matatu, na malipo yanahitaji wawili kati yao. Mtu akihama jiji, jina linabadilishwa ndani ya mwezi huo. Daftari linabaki daftari, kwa mkono wake, lakini kila Jumapili ya kwanza kurasa mpya zinapigwa picha na kutumwa kwa watu wanne. Majina yanaandikwa kamili, hakuna tena "wa ghorofa ya juu". Mchango hautolewi dukani wala parkingi. Mwisho wa kila kikao salio linasomwa kwa sauti, na kikao kinachofuata kinaanza kwa kuuliza tuliacha dola ngapi. Watoto wanapenda sana kujibu hilo.

Halafu kuna ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaosema: mtu akifariki, nani anapigiwa, familia inapata kiasi gani, ndani ya siku ngapi, na kama huyo wa kwanza hapatikani ni nani anayefuata. Mara mbili kwa mwaka naibu anafanya kazi yote ya mweka hazina, Mama amekaa pembeni, haruhusiwi kusaidia. Mara ya kwanza alishindwa kujizuia, ikabidi tumtume jikoni akatengeneze chai.

Hayo hayazuii dhoruba wala moto. Mwaka huo huo wa 2022, mwezi Septemba, moto uliharibu West Side Bazaar pale pale Grant Street, soko ambalo wakimbizi wengi walianzia biashara zao za chakula na nguo tangu 2011. Moto hauombi ruhusa. Lakini soko lile lilikuwa tayari na mpango wa kuhamia jengo kubwa Niagara Street, na mwaka 2023 likafungua milango huko. Kupima hatari si kutabiri jambo gani litatokea. Ni kuuliza, likitokea, ni nini kitabaki kimesimama.

Mwaka jana shangazi mmoja wa mfuko alifariki. Mama alikuwa safarini, simu haishiki. Naibu alifungua ukurasa, akapiga simu tatu, siku ya pili familia ikawa na pesa mkononi. Mama alipopata mtandao alikuta habari ya msiba na, chini yake, picha ya risiti. Alinipigia akilia kwa ajili ya marehemu, walikuwa marafiki. Alilia muda mrefu. Hesabu hakuiuliza kabisa.

Kwa hiyo, dada wa Louisville, jibu langu ni hili. Usiende kwa wazazi na ngazi. Kaa naye jikoni. Muulize: ukilazwa kesho, nani anajua namba? Daftari liko wapi, na mwingine akilisoma ataelewa? Mara ya mwisho mtu mwingine kufanya kazi hii ilikuwa lini? Halafu muulize kule walikotoka walikuwa wanafanyaje. Kuna uwezekano mkubwa kufuli tatu anazijua tayari. Sisi tuliozaliwa au kukulia huku ndio hatukuwahi kuuliza.

Kipindi kijacho tutamleta mama mmoja wa Columbus aliyewahi kushika ufunguo, si sanduku. Kama mzazi wako alishika kimojawapo, tutumie sauti yake. Si yako, yake.